Pembetatu za Mama Ngalula

Unajua tofauti kati ya kuzungusha kitu na kukipindua? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha. Nilikuwa mwanafunzi wa hesabu katika chuo kikuu cha Élisabethville, tai shingoni, vitabu kwapani, tayari kubishana na mtu yeyote barabarani, na sikuwa na shaka kwamba jambo dogo kama hilo nalifahamu. Kisha ikafika siku ambayo mwanamke aliyenipangisha chumba alikaribia kufukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya tofauti hiyo, na ujuzi wangu wote ukaniishia mbele ya watu.

Jina lake Martine Ngalula. Alikuwa mjane wa karani wa reli, na nyumba yake ilikuwa Bel-Air, ya matofali, yenye barza mbele na mashine ya kushona ya kukanyaga kwa miguu kwenye barza hiyo. Alizaliwa Kasai, jimbo jingine la Kongo. Aliletwa mjini kwa treni akiwa bibi arusi, na tangu hapo hakurudi kwao hata kwa msiba, maana misiba yake mikubwa yote ilimpata hapa: mume, mama mkwe, mtoto wa kwanza, wote wamezikwa katika udongo mwekundu wa mji huu. Kushona alifundishwa na masista, katika zile foyer, nyumba za kufundishia kina mama, na kazi aliyoipenda ilikuwa blauzi za mikono ya kuvimba. Wanawake walisema mtu mwenye mabega yaliyolala kama ya chupa akivaa blauzi ya Mama Ngalula anaingia kanisani kama mke wa gavana.

Alikuwa na desturi moja katika kukata. Hakukata kitambaa kikiwa kimetandazwa. Alikikunja mara mbili, uso ukiangalia uso, akaweka juu yake kipande cha karatasi kilichochorwa umbo, akapitisha mkasi mara moja, vikatoka vipande viwili: mkono wa kuume na mkono wa kushoto. Alifanya hivyo tangu ujana wake, na mkono wake ulifanya bila kumwuliza.

Ninaeleza habari za mwaka wa sitini na moja, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo na kujiita nchi. Mimi baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika reli, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Mama Ngalula aliulizwa kila siku, hata pasipo maneno. Wanawake waliozoea kukaa barzani kwake mchana kutwa sasa walimtuma mtu kuchukua blauzi, wao wakangoja nje ya ua. Familia mbili za Kasai katika avenue yetu zilikuwa zimehama bila kuaga. Vijana wa chama tawala walipita wakiimba, na wakifika mbele ya nyumba yake waliongeza sauti. Alianza kulala na viatu vyake karibu na kitanda, ncha zikielekea mlangoni, tayari kwa kukimbia. Niliviona asubuhi nilipokwenda kuomba makaa ya mbabula, jiko langu la bati, na moyo ukaniuma kwa hasira. Nilimwambia kwamba mambo hayo ni ya kipuuzi, kwamba watu wote ni sawa na akili itashinda. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyevaa shati kinyume, akaniambia ninywe chai yangu.

Basi ikakaribia sikukuu ya kumi na moja Julai, mwaka mmoja tangu kujitenga. Bwana Floribert, mkuu wa shule ya msingi ya jirani, alikuja na bunda la vitambaa akamwomba Mama Ngalula amshonee bendera kumi na mbili, watoto wazibebe katika gwaride. Nilimshauri akatae. Nilizungumza sana, nadhani nilitaja hata dhamiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Paulin, mwanangu," akasema, "bendera yao ikitoka katika nyumba yangu, nani atasema miye si muntu wa hapa?"

Hapo ndipo alipoweka tumaini lake lote. Hakutaka sifa. Alitaka nyumba yake.

Bendera ya Katanga ni rahisi kuichora. Weka mlingoti kushoto. Sehemu ya juu, upande wa mlingoti, ni pembetatu nyekundu. Sehemu ya chini, upande unaopepea, ni pembetatu nyeupe, na ndani yake misalaba mitatu midogo yenye rangi ya shaba. Kati ya nyekundu na nyeupe unapita mkanda wa kijani, kutoka chini ya mlingoti, ukipanda hadi kona ya juu ya mbali. Pembetatu hizo mbili ni sawasawa. Ukiizungusha nyekundu nusu mzunguko inalala juu ya nyeupe. Mama Ngalula aliliona hilo mara moja, ndiyo maana alichora umbo moja tu la karatasi kwa rangi zote mbili.

Lakini kitambaa kilikuwa kile kinachong'aa upande mmoja. Upande wa pili umefifia kama bitana ya koti. Na Mama Ngalula, kama alivyozoea, alikikunja mara mbili, uso kwa uso, akakata. Kila mkasi ulipopita, zilitoka pembetatu mbili: moja ya kuume na moja ya kushoto, kana kwamba bendera nayo ina mabega.

Hakugundua wakati wa kushona, maana alishona kama wanavyoshona mafundi wenye haraka: kwanza mishono yote ya kati, kisha mikanda yote ya kijani, kisha misalaba, ambayo aliibandika pande zote mbili, na mwisho kabisa ile ala, mfuko mwembamba wa kupitishia mlingoti, upande wa kushoto wa kila bendera, kama mchoro wa Bwana Floribert ulivyoonyesha. Siku moja kabla ya sikukuu alizipiga pasi akazitundika zote kwenye waya wa ua. Kisha akarudi nyuma kuzitazama, na nikamwona anashika kifua. Kwenye bendera sita mkanda ulipanda kutoka mlingotini. Kwenye sita nyingine ulishuka.

Kabla hatujasema neno, Adalbert alikuwa ameshasimama kwenye ua. Adalbert alikuwa kijana wa avenue yetu, kiongozi wa vijana wa chama katika mtaa. Shati lake la komunyo ya kwanza lilishonwa na Mama Ngalula.

"Mama, hii njo nini?"

"Bendera, mwanangu."

"Ya nani? Yetu inapanda. Hii inashuka."

Aliyasema polepole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Wapita njia wakaanza kusimama. Mama Ngalula alijaribu kueleza habari za kukunja kitambaa, lakini mmoja nje ya ua akamkatiza, akasema kwamba watu wa Kasai hata sindano yao inasema uongo.

Nikaingilia. Ningefanyaje? Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na elimu ya kutosha kuharibu mambo. Nikamwambia Adalbert kwa sauti ya mhadhara kwamba bendera yoyote ukiitazama kutoka nyuma mkanda wake unaonekana unakwenda upande wa pili, kwamba hizi zimetundikwa kinyume tu, atazame. Nikatwaa moja ya zile mbovu nikaipindua. Mkanda ukapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Nikainua uso kwa fahari.

Adalbert akanyoosha kidevu kuielekea ala ya mlingoti. Ilikuwa sasa upande wa kulia. Mlingoti ulikuwa umehama pamoja na kitambaa, na kutoka mlingotini mkanda bado ulishuka. Zaidi ya hayo, uso uliofifia ndio uliotutazama. Nikaizungusha nusu mzunguko. Nyekundu ikaenda chini, nyeupe ikaja juu.

"Bwana université," Adalbert akasema, "zungusha tena, pengine itakuwa ya Kongo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamwambia Mama Ngalula kwamba atarudi na mkuu wa shule kabla jua halijazama. Akikuta bado zinashuka, atakwenda kuwaambia wakubwa wa commune, serikali ya mtaa, kwamba jambo hilo limefanywa makusudi, ili kuwadharau. "Kiisha tutaona hii nyumba iko ya nani," akamaliza, akaondoka akiwa ameshika mikono nyuma kama mtu mzima.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nilikimbia hadi madukani. Nyekundu ya aina hiyo ilikuwa imenunuliwa yote kwa ajili ya sherehe. Niliporudi nimelowa jasho katika baridi ile ya Julai, nilimkuta Mama Ngalula ameshusha picha ya marehemu mume wake ukutani na kuifunga ndani ya pagne, kitenge chake. Hakulia. Alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka ndani ya kikapu ili kioo kisivunjike.

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia.

Nikakaa mezani nikakata pembetatu mbili za karatasi kwa kukunja, kama alivyofanya yeye, nikazipaka penseli uso mmoja. Profesa wetu alikuwa ametufundisha kwamba pembetatu mbili ni sawasawa ikiwa moja inaweza kuchukuliwa na kulazwa juu ya nyingine, kona juu ya kona, bila kuvutwa wala kukunjwa. Safari zinazoruhusiwa ni za kusogeza, kuzungusha na kupindua. Nilipoyasikia maneno hayo darasani nilisisimka. Niliyaona kuwa ni sheria inayopaswa kutawala hata miji. Sasa nikazijaribu safari hizo kwa karatasi zangu. Nilisogeza. Nilizungusha huku na huku. Hazikulalana. Nilianzia kwenye kona iliyonyooka kama ya mlango, nikafuata upande mfupi, nikarudi kwa upande mrefu: katika pembetatu moja kidole changu kilikwenda kama mshale wa saa, katika nyingine kilikwenda kinyume. Nikaelewa kwamba ningeweza kusogeza na kuzungusha hadi mwaka ujao, mwelekeo wa kidole usingebadilika kamwe. Kupindua peke yake ndiko kunakoubadilisha. Na ukipindua, uso unaong'aa unalala chini.

Nikamweleza Mama Ngalula. Sikumficha: zile sita haziwezi kuwa kama nyingine huku uso wake unaong'aa ukiwa mbele.

Alinisikiliza akiwa ameshika kikapu. "Njo kusema, nilikata mikono ya kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Mukono wa kushoto haiko mubaya. Unafungua ya kuume na ya kushoto, unazilalisha mugongo kwa mugongo, zinaenda sawa. Kiisha kila moja inakwenda kwa bega yake."

Nilitaka kumwambia kwamba bendera haina bega. Kisha nikaliona. Bega la bendera ni mlingoti. Nikatoka mbio, nikaleta bendera nzuri moja na mbovu moja. Nikailaza nzuri kifudifudi juu ya meza, na ile mbovu nikailaza juu yake chali, mgongo kwa mgongo. Kona iliyonyooka ya nyekundu ikakaa juu ya kona iliyonyooka ya nyekundu. Upande mfupi juu ya mfupi, mrefu juu ya mrefu, kijani juu ya kijani, misalaba juu ya misalaba. Kitu kimoja tu hakikulingana: ala moja ilikuwa kulia, nyingine kushoto. Pembetatu zetu hazikuwa na kosa lolote. Tulikuwa tumeweka mlingoti kwenye bega lisilo lake.

"Tufumue ala tu," nikasema. "Tuzihamishe upande wa pili. Zitakuwa bendera halali, ila zitang'aa upande wa nyuma."

Alikuwa ameshachukua wembe. Nilijaribu kusaidia kufumua nikachana pindo. Akanipiga kofi dogo mkononi akaninyang'anya. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kusimama mlangoni na kutazama barabara. Sijui saa zilipita vipi. Kila baiskeli iliyopita niliidhani ni ya commune. Mashine ilinguruma, ikanyamaza uzi ulipokatika, na ilipokuwa kimya nilisikia pumzi za Mama Ngalula kama za mtu anayepanda kilima. Jua lilikuwa limeshafika juu ya paa za jirani alipoukata uzi wa mwisho kwa meno.

Walikuja wawili, Adalbert mbele, Bwana Floribert nyuma. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema lakini mwoga, na jioni hiyo alivaa uso wa mgonjwa, maana kitambaa kilitoka mikononi mwake na lawama ingeweza kumfuata. Safari hii sikutoa mhadhara. Nilimpa Adalbert bendera mbili mkononi, nikamwomba azilaze mwenyewe mgongo kwa mgongo na atafute mahali zinapotofautiana. Alitafuta. Alibana kila kona kwa vidole, akaitazama ala, akazishika zote mbili juu dhidi ya mwanga wa jua linalozama, akazunguka akazitazama upande wa pili. Mama Ngalula alisimama kando ya mashine, mkono mmoja juu ya gurudumu lake.

"Hii inang'aa mbele," Adalbert akasema mwishoni. "Hii inang'aa nyuma."

Nikamweleza kwamba watoto watatembea kwa safu mbili. Mlingoti unatangulia, kitambaa kinapepea nyuma yake. Watu walio upande wa kushoto wa barabara watauona mlingoti kushoto, na walio upande wa kulia watauona kulia. Safu ya kushoto ibebe zile za kwanza, safu ya kulia ibebe zile za pili, basi pande zote mbili za barabara zitaona uso unaong'aa, na kila mkanda utapanda kutoka mlingotini. Bwana Floribert alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Nadhani angekubali hata kama ningemwambia watoto watembee kinyumenyume.

Adalbert alifikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba hakupenda kuondoka mikono mitupu. "Sawa," akasema. "Nitaambia wakubwa kama miye njo nilizikagua. Lakini kesho kama ofisa anauliza neno, mama, kidole yangu itakuonyesha weye." Akamgeukia Bwana Floribert akamwambia azibebe.

Walipoondoka nilianza kushangilia. Nilimwambia Mama Ngalula kwamba nilijua, kwamba ukweli ukithibitishwa hakuna awezaye kuukataa. Alikuwa amekwisha kuketi. Aliniuliza kama nina hakika Bwana Floribert ameelewa ni zipi za kushoto na zipi za kulia. Nikasema ndiyo, ameelewa. Hakuitoa picha ya mume wake kikapuni.

Kesho yake asubuhi tulisimama kando ya barabara kuu katikati ya umati, yeye amevaa pagne yake ya kanisa. Bendi ilipita, askari wakapita, kisha wakaja watoto wa Bwana Floribert. Alikuwa amewapanga kwa urefu, wafupi kushoto na warefu kulia, na bendera amewagawia jinsi zilivyotoka kwenye bunda. Zile za kushoto zilikuwa kulia na za kulia kushoto. Kila mkanda ulipanda kama ulivyopaswa, hakuna bendera iliyokwenda kombo, lakini pande zote mbili za barabara ziliona migongo iliyofifia, na nyuso zote zinazong'aa zilitazamana katikati, ambapo hapakuwa na mtu. Mama Ngalula alinishika mkono juu ya kiwiko. Kucha zake zilipenya shati.

Watu walipiga makofi. Hawakuona kitu. Aliyeona ni ofisa wa jeshi aliyesimama hatua chache kutoka kwetu, mwenye kofia ya mviringo na fimbo. Aliinua fimbo kuonyesha watoto. Akauliza, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kwa nini bendera hizi zimechakaa namna hii siku ya sikukuu, na nani aliyezishona.

Adalbert alikuwa kando yake. Niliona uso wake ukigeuka kututafuta, ukatupata. Mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka. Kisha nadhani alikumbuka kwamba alikwisha kuwaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyezikagua, kwa sababu mkono uliishia kwenye paji la uso, ukapiga saluti.

"Iko vumbi ya barabara, mon capitaine," akasema kwa sauti kubwa. "Zilishonwa muzuri kabisa. Zilishonwa na mama ya kwetu, wa avenue yetu."

Ofisa akatazama vumbi, ambalo kwa kweli lilikuwa jingi, akashusha fimbo. Watoto wakapita. Nyuma yao wakaja wafanyakazi wa mgodi na kofia zao za chuma, na makofi yakaanza upya. Mama Ngalula aliachilia mkono wangu. Akaketi pale pale chini, ukingoni mwa barabara, na pagne yake ya kanisa, miguu imenyooshwa mbele katika vumbi jekundu. Mwanamke asiyemfahamu aliinama akamwuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa kukataa, akavua kiatu kimoja, cha vile alivyokuwa akivilaza vikielekea mlangoni, akakishika mapajani.